Roboti na droni za kutunza nyumba na bustani: tuzungumzie kazi wanazoziweza kweli

Nyundo na Bisibisi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mara mtu anauliza "ninunue roboti gani ya kufagia?" au "kuna droni ya kuosha paa?", na majibu yanayomiminika ni majina ya kampuni tu. Mimi naona tunaanzia mwisho. Kabla ya kuuliza mashine gani, tuulize kazi yenyewe ni ya namna gani. Nafanya matengenezo ya nyumba na mashine hizi nazifungua mezani, nazisafisha, nabadilisha vipuri vyake. Msimamo wangu ni huu: roboti ya sakafuni na ya nyasi imeundwa kudumisha usafi uliopo, haikuundwa kufufua mahali palipoachwa. Droni nayo ni macho. Mikono bado ni ya kwako au ya fundi wako.

Nianze na sakafu, maana ndiko zilikoanzia. Electrolux ilionyesha mfano wa roboti ya kufyonza vumbi kwenye televisheni ya BBC mwaka 1996, ikaiingiza sokoni mwaka 2001 kwa jina la Trilobite. Mwaka uliofuata iRobot, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 na Colin Angle, Helen Greiner na Rodney Brooks waliotoka chuo cha MIT, ikaleta Roomba. Zile za mwanzo hazikuwa na ramani yoyote. Zilikwenda mpaka zigonge, zikageuka, zikashika njia nyingine. Sakafu ilitakata hata hivyo, kwa sababu zilipita mahali pale pale mara nyingi.

Za siku hizi zina leza inayozunguka juu ya mgongo, au kamera, au vyote viwili. Zinachora ramani ya nyumba na papo hapo zinajitafuta zipo wapi ndani ya ramani hiyo. Wahandisi wanaita SLAM. Ndiyo maana zinakwenda kwa mistari iliyonyooka, betri ikipungua zinarudi kuchaji, halafu zinaendelea pale zilipoachia. Maendeleo makubwa sana. Lakini ukiifungua bado utakuta mota ndogo na kisanduku cha vumbi kidogo. Nguvu yake imo katika kurudia. Vumbi la jana na la leo linakwenda lote. Tope lililokauka kwenye maungio ya vigae, mafuta yaliyoganda chini ya jiko, hayo hakitayagusa kile kitambaa chenye unyevu kinachoitwa deki. Safisha kwanza wewe kwa mkono, halafu mkabidhi roboti alinde ulichofanya.

Na yenyewe inahitaji kutunzwa. Chomoa brashi kuu, kisha ufungue vile vifuniko vya pembeni ambavyo watu wengi hawajui kama vinafunguka. Nyuma yake kuna beringi, na hapo ndipo nywele na nyuzi zinajisokota mpaka zinakaza kama pete. Brashi inazunguka kwa shida, msuguano unaleta joto, plastiki inaanza kulainika na kuliwa. Mwenye nyumba anaona "roboti imepoteza nguvu" anataka kuitupa, kumbe ilihitaji mkasi na kibano tu. Pindua pia tumboni: kuna vijidirisha vidogo vyeusi ukingoni. Hizo ni sensa za ngazi. Zinatupa mwanga wa infraredi chini, na mwanga usiporudi mashine inaamini imefika ukingoni mwa shimo. Zikiwa na vumbi mashine inakataa kutembea. Zulia jeusi nalo linaumeza mwanga ule, ndiyo maana roboti nyingine hufika kwenye zulia jeusi na kurudi nyuma kana kwamba kuna korongo. Futa kwa kitambaa kikavu. Kichujio kinachooshwa kiache kikauke kabisa kwa saa 24, kwa sababu kikirudishwa na unyevu kitaota ukungu na mota itavuta hewa ile ile chafu.

Kwenye nyasi hoja ni ile ile. Husqvarna ya Sweden ilitoa Solar Mower mwaka 1995, inakata nyasi kwa nguvu ya jua peke yake, kisha mwaka 1998 ikaja Automower yenye kituo cha kuchajia. Nyingi za leo bado zina diski yenye vijiwembe vidogo vinavyoning'inia kwenye skrubu. Vikigonga jiwe vinajikunja ndani. Haziwezi kushindana na ile mashine ya kusukuma yenye kisu kizito, na hazikusudiwi kufanya hivyo. Zinakata milimita chache leo, chache kesho, na vipande vile vidogo vinadondoka kati ya majani, vinaoza na kurudisha naitrojeni ardhini. Watunza bustani wana kanuni ya zamani ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, na roboti inaifuata kwa maumbile yake. Nyasi zikiwa zimefika magotini, usiipeleke. Kata kwanza kwa mashine ya kawaida, okota mawe na vijiti, halafu iachie.

Droni naiacha kwa wanaorusha kila siku. Langu ni moja tu: faida yake kubwa nyumbani ni kukuepusha na ngazi. Kigae kimeteleza, msumari umechomoka, gata limejaa majani, bati la kuziba maungio ya dohani limepinda. Yote hayo yanaonekana kwa picha ya dakika chache, na hakuna aliyepanda. Kama hakuna tatizo, hakuna haja ya kupanda.

Karibuni.

---

Sakafu Safi

Shukrani mkuu, somo limeeleweka. Nyumba yangu ina vizingiti kila mlango, na watoto wanaacha vitu chini: soksi, penseli, waya za chaja. Niko tayari kuandaa nyumba, lakini nisiwe mtumishi wa roboti. Hizi mpya zinakwepa vitu kweli?

---

Nyundo na Bisibisi

Zinakwepa, kwa kiwango. Kizingiti cha sentimita 2 hivi nyingi zinakipanda. Zaidi ya hapo tafuta zile zenye magurudumu yanayojiinua, au weka kipande cha mbao chenye mteremko pande zote mbili. Kipande hicho kitakugharimu kidogo kuliko mashine ya daraja la juu, na kinafanya kazi miaka yote.

Vitu vya sakafuni ni mtihani mgumu zaidi. Mwaka 2021 iRobot ilitoa modeli ya j7+ yenye kamera ya mbele iliyofunzwa kutambua waya na kinyesi cha mbwa, na ikaahidi kubadilisha mashine ya mteja iwapo itapita juu ya kinyesi. Kampuni haitoi ahadi ya namna hiyo kama tatizo halijawachosha wateja. Kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES ya mwaka 2025 Roborock ikaja na Saros Z70, yenye mkono unaokunjuka kutoka mgongoni na kuokota vitu visivyozidi gramu 300. Soksi inaokota. Kiatu chepesi pia. Lakini angalia ni kitu gani tumeshangilia: mashine kuinua soksi.

Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliandika mwaka 1988 kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze mchezo wa akili kama mtu mzima, lakini ni vigumu sana kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kushika. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye sataranji. Kuokota soksi kumechukua miaka 28 zaidi. Mtu akikuahidi roboti itakayopanga kabati lako kesho, kumbuka hesabu hiyo.

Kwa hiyo dada, au kaka: waya zote zifungwe juu ya meza, na watoto wawe na kapu moja kila chumba la kutupia vitu kabla roboti haijaanza. Kwenye programu ya simu unaweza pia kuchora eneo la marufuku pale kwenye waya za televisheni. Kazi inapungua sana.

---

Dada Bustani

Mkuu umeongea vizuri kuhusu nyasi, lakini kuna jambo umeliruka na mimi siwezi kulinyamazia. Wanyama wadogo.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Sophie Lund Rasmussen wa Denmark walichapisha majaribio ya roboti 18 za kukata nyasi. Walitumia mizoga ya kalunguyeye, wale wanyama wadogo wenye miiba, waliokwisha kufa kwa sababu nyingine, wakaiweka njiani mwa mashine. Hakuna hata moja iliyomtambua bila kumgusa kwanza. Nyingine ziligusa zikageuka bila kumdhuru, nyingine zilimkata vibaya. Wale wachanga hawakutambuliwa na mashine yoyote. Kumbukeni pia kwamba kalunguyeye akitishwa hakimbii. Anajikunja na kutulia pale pale, kinga inayomfaa mbele ya mbweha na isiyomfaa kabisa mbele ya kiwembe.

Yeye hutembea usiku. Kwa hiyo dawa haihitaji teknolojia mpya: roboti ifanye kazi mchana tu. Miji kadhaa ya Ujerumani, Köln ukiwemo, imekataza roboti hizi kukata usiku kwa sababu hiyo. Ninyi ambao hamna sheria kama hiyo, iwekeni wenyewe kwenye ratiba ya mashine. Vyura, mijusi na vifaranga walioanguka kutoka kwenye kiota nao watanufaika. Kabla ya kuiwasha zunguka bustani mara moja, hasa kwenye kingo zenye kivuli.

Na kipande kimoja kiacheni bila kukatwa. Chora mpaka, kona moja ibaki na maua na nyasi ndefu. Nyuki wanahitaji mahali, na bustani iliyonyolewa yote kila siku haina ua hata moja la kuwalisha.

---

Nyundo na Bisibisi

Dada Bustani, nakushukuru sana kwa hili. Naongeza la usalama wa watu: mtoto anayetambaa au kucheza asiwe kwenye nyasi mashine ikiwa kazini, hata kama kampuni imeandika kwamba inasimamisha visu ikiinuliwa. Ni kweli inasimamisha. Kidole hakihitaji mashine iinuliwe ili kifike chini yake.

Kuhusu mipaka, kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni waya unaozikwa kuzunguka bustani, unapitisha ishara ya umeme ambayo mashine inaihisi. Ni njia ya zamani na ya kuaminika, ila jembe likiukata utashinda unautafuta ulipokatika. Ya pili ni satelaiti zenye marekebisho ya RTK: kuna antena iliyofungwa mahali pamoja, inajua ilipo, inapima makosa ya ishara za satelaiti na kuyatuma kwa mashine. GPS ya simu inakosea kwa mita kadhaa. RTK inashuka hadi sentimita chache. Lakini inataka anga wazi. Chini ya miti mikubwa au kwenye uchochoro kati ya kuta mbili ndefu inapotea. Ya tatu ni kamera na leza, ambazo zinaweza kuziba pengo hilo. Bustani yenye miti mingi, usinunue ya RTK peke yake.

---

Juu ya Paa

Naomba niingie, maana paa ndiyo riziki yangu.

Nakubaliana kwamba droni ni macho. Mteja anapiga simu "paa linavuja," zamani nilipanda kwanza ndipo nijue nibebe nini. Sasa naangalia picha, napanda mara moja nikiwa na kigae sahihi, msumari sahihi, silikoni sahihi. Piga picha ya juu kabisa wima, kisha pande zote nne kwa kuinamisha kamera. Picha ya wima peke yake inaficha mambo: kigae kilichoinuka kidogo kinaonekana kimelala. Subiri jua la asubuhi au la jioni linalokuja kwa ubavu, kivuli kitakuonyesha kila kilichoinuka.

Angalizo moja kubwa. Usiirushe droni kutoka juu ya bati au juu ya zege lenye nondo. Dira yake inahisi usumaku wa dunia, na chuma kilicho chini yake kinaichanganya. Itaruka, itafika mita chache hewani, halafu itaanza kwenda pembeni kwa duara linalokua. Weka kibao au kiti cha plastiki kwenye nyasi, mbali na gari, irushie hapo. Ukikaribia ukuta pia, upepo wa propela unarudi na kuisukuma. Kaa mbali, tumia zumu.

Kamera ya joto ni kitu kingine kabisa. Paa bapa likiwa limenyonya maji chini ya tabaka la juu, sehemu yenye maji inatunza joto la mchana kuliko sehemu kavu. Jua likishazama, kavu inapoa haraka, yenye maji inabaki na joto, na kwenye picha unaona doa limejichora. Unajua pa kukata bila kubomoa paa zima. Fanya hivyo siku kavu, isiyo na upepo, baada ya jua kali.

Sasa kuhusu droni za kuosha kuta na paa. Zipo na zinafanya kazi. Ila wengi wanafikiri droni inabeba maji yote. Mara nyingi tanki na pampu vinabaki chini, mpira unapanda hadi kwenye droni, yenyewe inabeba mpira na bomba la kunyunyizia. Kila mita inayopanda inaongeza uzito wa mpira uliojaa maji, na maji yakitoka kwa nguvu yanaisukuma nyuma. Kwa hiyo kazi nyingi zinafanywa kwa presha ndogo na sabuni inayoachwa ilainishe uchafu. Ni kazi ya jengo refu, yenye watu wawili waliofunzwa. Kwa nyumba ya kawaida, kukodi inatosha. Kununua sikushauri.

---

Mtu wa Mitambo

Mmesema ya mikono na ya macho, hakuna aliyesema macho hayo yanampelekea nani picha.

Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na roboti za majaribio za iRobot mwaka 2020 zilivyofika kwenye makundi ya mitandaoni ya wafanyakazi waliolipwa kuziwekea alama za kuifundishia kompyuta. Moja ilikuwa ya mwanamke akiwa chooni. Kampuni ilisema zile zilikuwa mashine maalumu za majaribio, hazikuuzwa, na wenye nyumba walikubali kurekodiwa. Sawa. Lakini sidhani kama yeyote kati yao alidhani amekubali hilo. Mwaka 2024 nchini Marekani roboti za Ecovacs Deebot X2 zilidukuliwa majumbani. Mtu wa mbali aliziendesha na kutoa matusi ya kibaguzi kupitia spika zake, mbele ya familia.

Halafu kuna suala la seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo roboti inazitegemea kupitia intaneti. Neato, kampuni ya roboti za kufagia, ilifungwa mwaka 2023. Kampuni mama, Vorwerk, iliahidi kwamba huduma za mtandaoni zingeendelea miaka 5. Mwaka 2025 zikazimwa kabla ya muda huo kutimia. Mota nzima, magurudumu mazima, leza nzima, na ramani haifunguki tena kwenye simu. iRobot yenyewe, baada ya mpango wa kununuliwa na Amazon kuvunjika Januari 2024, iliomba ulinzi wa mufilisi Desemba 2025, na ikakubali kuchukuliwa na Picea ya China, iliyokuwa ikiitengenezea mashine. Kama kampuni iliyoifanya roboti ya kufagia ijulikane dunia nzima inaweza kufika hapo, yoyote inaweza.

Kwa hiyo mimi nauliza swali moja dukani: intaneti ikikatika, kitufe cha kwenye mashine kinafanya nini? Kama jibu ni "inafagia na kurudi kuchaji," endelea kuongea na muuzaji. Kama jibu ni "lazima uingie kwenye akaunti," ondoka.

Ukishanunua, iweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta yako, mbali na kompyuta na simu za nyumbani. Badilisha nywila, weka namba ya siri ya kuangalia kamera kama ipo, na usitumie nywila uliyotumia kwingine. Chagua yenye leza bila kamera kwa vyumba vya kulala na bafu. Wanaojua kuchezea programu, kuna mradi wa bure uitwao Valetudo unaoziwezesha baadhi ya modeli kufanya kazi ndani ya nyumba yako bila kupitia seva ya kampuni. Si kila modeli, na kuiweka kunataka uvumilivu, lakini mashine inakuwa yako.

---

Bi Mkubwa wa Nyumba

Wanangu, nimesoma yote. Mnaongea kama vile wote tuna magoti mazima.

Kwangu mimi kuinama kumekuwa adhabu. Chini ya kitanda sijafika kwa ufagio siku nyingi. Kile kijimashine kinaingia chenyewe na kutoka na vumbi. Sitaki kumwita mtu kila siku kwa jambo dogo. Kuamka nikakuta sakafu safi bila kumwomba mtu ni heshima ambayo kijana hawezi kuielewa mpaka afike huku.

Ila niwaambie na hatari yake. Kwa mzee, roboti inayopita miguuni ni kitu cha kujikwaa. Mimi inafanya kazi wakati nimekaa barazani, na mlango wa chumbani nafunga. Kituo chake cha kuchajia kisikae kwenye njia ya kwenda chooni usiku. Ile ya deki inaacha sakafu na unyevu. Hapo ndipo mifupa inavunjika. Nangoja pakauke.

Mnaomnunulia mzazi, msimletee sanduku mkaondoka. Mwekeeni ratiba, mwonyesheni kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, na mkija kumwona mfungue ile brashi aliyosema Nyundo. Kutoa nywele kwenye kijishimo kile kwa vidole vya uzee haiwezekani.

---

Nyundo na Bisibisi

Shikamoo mama. Hili la ratiba na njia ya chooni nimelichukua, nitawaambia wateja wangu wote wenye wazazi nyumbani. Tafuta yenye kituo kinachonyonya vumbi lote kwenye mfuko mkubwa. Mfuko unakaa wiki kadhaa kabla ya kubadilishwa na hutalazimika kumwaga kisanduku kila mara.

---

Kijana wa Droni

Naweka ya sheria na betri, kwa sababu droni ya kuangalia paa ni chombo cha anga hata kama unairusha uani kwako.

Marekani na Umoja wa Ulaya zote zimeweka kikomo cha futi 400, yaani mita 120 hivi kutoka ardhini, na droni iwe mbele ya macho yako muda wote. Gramu 250 ndiyo mstari unaotajwa sana. Marekani, anayerusha kwa burudani droni ya chini ya uzito huo hahitaji kuisajili. Wengine wanadhani hiyo ni ruhusa ya dunia nzima. Ulaya, hata iwe nyepesi hivyo, ikiwa na kamera mwendeshaji lazima ajisajili, isipokuwa iwe ni ya kuchezea watoto. Na ukilipwa kukagua paa la mtu, Marekani tayari umetoka kwenye burudani, unahitaji cheti chini ya kanuni zao za anga ziitwazo Part 107. Kila nchi ina mamlaka yake ya anga. Soma ya kwako kabla ya kununua, na uangalie umbali wa nyumba yako na kiwanja cha ndege.

Jirani mwambie kabla. Mtu akiona kamera inaelea juu ya ukuta wake hana njia ya kujua unaangalia gata lako. Geuza kamera kwenye paa kabla hujapanda, rekodi ukiwa juu ya eneo lako tu, zima ukiwa unarudi.

Betri za lithiamu msiziache zimejaa kwa wiki nzima. Kwa kuhifadhi, nusu inatosha, asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu pasipo na joto. Iliyovimba isichajiwe tena hata kama bado inawasha chombo. Usiitoboe, usiitupe kwenye taka za kawaida. Peleka inapokusanywa. Hii inazihusu na roboti zenu za sakafuni na za nyasi.

---

Msomaji Kimya

Wakuu, mimi nina madirisha makubwa ya ghorofani na paneli za sola. Kuna anayejua hayo?

---

Juu ya Paa

Madirisha: roboti inajishikilia kwenye kioo kwa feni inayovuta hewa. Umeme ukikatika, betri ndogo ya ndani inaishikilia kwa muda na inapiga kelele uje uichukue. Ile kamba ya usalama inayokuja nayo ifungwe kwenye kitu kisichong'oka ndani ya nyumba, kila mara, hata dirisha la chini. Nimeona watu wanaifunga kwenye pazia. Kioo kisicho na fremu kinahitaji modeli yenye sensa ya ukingo. Kioo chenye mchanga kifute vumbi kwanza, la sivyo kitambaa kitasugua mchanga na kuacha mikwaruzo.

Paneli: droni ya kamera ya joto inafaa sana hapa. Seli iliyoharibika au iliyofunikwa na kinyesi cha ndege inakuwa na joto kuliko wenzake. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi huo vinataka jua la angalau wati 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ni kazi ya jua kali, kinyume na ile ya paa linalovuja. Kuosha, usimwage maji baridi kwenye paneli za moto saa sita mchana, kioo kinaweza kupasuka. Alfajiri ndiyo saa yake. Maji yenye chumvichumvi yanaacha madoa meupe ambayo yatakula umeme wako kama vumbi lilivyokula. Roboti za brashi za paneli zipo, ila zina maana kwenye shamba la sola. Nyumba yenye paneli chache, brashi laini ya mpini mrefu ukiwa umesimama chini.

---

Sakafu Safi

Na hizi zenye umbo la mtu zinazotangazwa, zinafua na kukunja nguo? Nisubiri hizo?

---

Nyundo na Bisibisi

Usisubiri. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilifungua oda za NEO, roboti ya nyumbani yenye umbo la mtu, na ikasema wazi kwamba kazi ambazo haijazijua zinaweza kufanywa na mtu wa kampuni anayeiongoza kwa mbali, kwa idhini yako na kwa muda mliopanga. Wamekuwa wakweli kwa hilo na nawaheshimu. Lakini maana yake ni kwamba mtu usiyemjua anaona ndani ya nyumba yako kupitia macho ya mashine. Soma tena alichoandika Mtu wa Mitambo, halafu uamue kama uko tayari.

Kwa nyumba yako ya vizingiti, nunua moja ya sakafu ya daraja la kati yenye leza. Kabla hujalipa, tafuta vitu vitatu vinauzwa peke yake: betri, brashi kuu, kichujio. Visipopatikana leo mashine ikiwa mpya, havitapatikana ikizeeka. Kisha ipindue uone kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu au kimegandishwa kwa gundi.

---

Sakafu Safi

Niliyokuwa nimeichagua, brashi na kichujio vipo, betri sijaiona ikiuzwa popote. Naiacha. Kuna nyingine ya bei hiyo hiyo yenye skrubu mbili chini na betri yake ipo. Vizingiti nimepima, cha juu zaidi ni sentimita 3.

---

Nyundo na Bisibisi

Chukua hiyo yenye skrubu. Kwa kizingiti cha sentimita 3, mbao iwe na urefu wa sentimita 15 kila upande, ipige msasa isiwe na makali, na uibandike kwa gundi ya mkanda ili uweze kuiondoa. Wiki ya kwanza iache ichore ramani milango yote ikiwa wazi, kisha ndipo uanze kuchora maeneo ya marufuku.

---

Dada Bustani

Na mbao hizo zipake rangi tofauti na sakafu, Bi Mkubwa akija kukutembelea azione.